"Goti halikuuma, lilipotea tu"

Alianguka saa nane za usiku, umeme ukiwa umekatika, katikati ya kitanda na mlango wa choo. Sakafu ilikuwa kavu na hakujikwaa popote. Tulipomuuliza kama goti lilimchoma kabla ya kuanguka, alitikisa kichwa. "Halikuuma, mwanangu. Lilipotea tu. Nilikanyaga nikajua mguu umefika chini, kumbe bado."

Mama huyu ni muuza vitumbua wa Tanga, ana miaka 63, na magoti yake yote mawili yamesagika, la kulia zaidi. Amekubali safari yake ya karibu miezi saba ielezwe bila jina, na amesema wazi kwa nini: pesa na muda aliopoteza hataki mwingine avipoteze. Makosa mengine hapa ni yake, mengine ni ya wanawe. Mengine ni yetu sisi wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, nayo nitayataja.

Kosa la kwanza lilikuwa la sikio. Wagonjwa wa magoti hutuambia "goti linakatika", "linaniachia", "mguu si wangu", na sisi tunaandika "maumivu ya goti" kisha tunaendelea na dawa. Maumivu yapo, tena makali. Lakini goti linalomwangusha mtu bila kuuma lina tatizo la pili: mwili hauna tena habari kamili za goti liko wapi na linakwenda kasi gani.

Fumba macho, nyoosha mkono pembeni, halafu gusa pua. Utaigusa, kwa sababu mwili una hisi inayojua kila kiungo kilipo bila kuangalia. Mwingereza Charles Sherrington aliipa jina mwaka 1906, na wataalamu huiita propriosepsheni. Kwa kazi zetu tuiite hisi ya kiungo. Vihisi vyake vimo ndani ya misuli, kwenye kano, kwenye ligamenti zinazounganisha mfupa na mfupa, kwenye mfuko unaofunika kiungo na hata kwenye ngozi ya juu yake. Vya misuli ndivyo vyenye mchango mkubwa. Majaribio ya mwaka 1972 yalionyesha jambo la ajabu: ukitetemesha kano ya msuli wa mkono kwa chombo, mtu aliyefumba macho huhisi mkono wake unasogea hali umetulia.

Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa na ambayo hulika goti likisagika, haina mishipa ya fahamu. Kwa hiyo kulika kwake peke yake hakuondoi hisi. Kinachoiharibu ni yale yanayofuatana na kulika huko, na hapa ndipo pa kuelewa kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Goti lililosagika huvimba mara kwa mara. Maji yakijaa ndani, uti wa mgongo hupata taarifa na kuuzima kwa sehemu msuli wa mbele ya paja, hata kama mgonjwa hasikii maumivu. Katika majaribio ya kuingiza maji kwenye goti lisilo na ugonjwa, mililita 20 hadi 30 tu zilitosha kuudhoofisha msuli ule wa ndani ulio juu ya pia ya goti. Hicho ni kama vijiko viwili vya mezani. Msuli ukizimwa wiki baada ya wiki, unanyauka, na vihisi vilivyomo ndani yake havipati tena mvuto wa kuviamsha. Mfuko wa kiungo nao hukakamaa upande mmoja na kulegea upande mwingine. Umri unaongeza lake, na maumivu yanachukua usikivu wa ubongo.

Mtu akiwa hana uhakika na goti, hulikaza. Hubana msuli wa mbele na wa nyuma ya paja kwa wakati mmoja, kama anayetembea juu ya utelezi. Inampa uthabiti kidogo, lakini mikazo miwili inayovutana huongeza mgandamizo ndani ya kiungo kilekile kilichochoka. Ndiyo maana baadhi yao jioni paja zima linauma kuliko goti.

Kuna jingine ambalo familia hazilitegemei. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 ulikuta kwamba mwenye goti moja lililosagika hisi yake hupungua pia kwenye goti la pili, hata likionekana zima. Mazoezi ya mguu mmoja tu, basi, ni nusu ya kazi.

Turudi kwa mama. Kabla hajafika kwetu miezi mitatu ilikuwa imepita. Alianza na diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu vya duka la dawa, asubuhi na jioni, bila kumwambia muuzaji kwamba anatumia dawa za presha. Vidonge vya jamii hiyo hupandisha presha, huumiza figo na huchubua tumbo, hasa kwa mtu wa umri wake. Miguu ilivimba vifundoni na presha ikapanda. Ile ya kupaka, jeli ya diklofenaki, ndiyo ingefaa kuanza nayo kwa goti, maana kiasi kidogo sana huingia kwenye damu.

Kisha ikaja habari ya ute. Mtaani wanasema magoti yanasagika kwa sababu ute umekwisha, na kwamba bamia huurudisha. Mama alikunywa maji ya bamia kila asubuhi kwa wiki sita, na mwanawe akanunua kopo mbili za unga wa "kurudisha ute", kila moja shilingi 45,000. Bamia ni mboga nzuri, aendelee kuila. Lakini utelezi wake unavunjwavunjwa tumboni kama chakula kingine chochote. Ute wa goti hutengenezwa na utando wa ndani ya kiungo chenyewe. Tena goti lake lilikuwa na maji mengi kupita kiasi. Tulipolibonyeza upande mmoja, upande wa pili ulituna.

Baadaye akachomwa sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ndani ya goti. Maumivu yalipungua ndani ya siku chache, na hilo ni jambo la kweli ambalo sindano hiyo hulifanya, kwa wiki kadhaa. Furaha ikamrudisha kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, kuinuka na kukaa mara hamsini kwa asubuhi. Siku ya kumi na moja akaanguka uani. Sindano ilituliza maumivu. Msuli ulikuwa bado umelala na hisi bado haijarudi, na sasa hata lile onyo la maumivu la kumwambia "pole pole" halikuwepo.

Baada ya hapo watoto wakamkataza kutembea. Kwa upendo mtupu, wakamlaza kwenye godoro mwezi mzima na kumletea kila kitu. Tulipompima paja, sentimita 10 juu ya pia ya goti, la kulia lilikuwa jembamba kwa sentimita 2.5 kuliko la kushoto. Binti yake alilia pale alipoelewa. Hatukumlaumu, kwa kuwa hata katika vituo vya afya bado kuna wanaosema "pumzisha goti" bila kusema kwa siku ngapi.

Ukijumlisha dawa, unga, mafuta ya kuchua, sindano na nauli, ilikuwa imekwenda zaidi ya shilingi 300,000, mbali na vitumbua ambavyo havikuuzwa.

Kipimo kilichobadilisha mawazo ya familia hakihitaji mashine. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda cha kliniki, miguu inaning'inia, macho yamefumbwa. Nikaunyanyua mguu wake wa kulia, kuanzia chini ya goti, taratibu mpaka pembe ya digrii 45, nikamwambia ashikilie mwenyewe kwa sekunde 5 na kuikariri. Nikaushusha mguu, nikasubiri kidogo, nikamwomba aurudishe palepale. Aliunyanyua kwa kujiamini kabisa, akasimama, akasema "hapa". Rula ya kupimia pembe ilionyesha amepitiliza kwa digrii 12. Nikamwambia asiushushe, afumbue macho, na pembeni nikaushikilia mguu wa kushoto kwenye pembe niliyomwonyesha mwanzo. Akatazama mguu mmoja, akatazama wa pili. Akanyamaza kwa muda. "Kumbe huyu ananidanganya siku zote hizi," alisema, akilipiga goti kofi dogo.

Goti lisilo na ugonjwa hukosea kwa digrii chache tu. Lakini kipimo hiki kinayumba: rudia mara tatu na uchukue wastani, na usimtangazie mtu ugonjwa kwa sababu yake. Katika tafiti, tofauti ya wastani kati ya magoti mazima na yaliyosagika huwa ndogo, na watu hutofautiana sana. Mimi nakitumia kumwonyesha mgonjwa tatizo lake kwa macho yake, ili akubali mazoezi yanayoonekana kama mchezo wa watoto.

Cha kuaminika zaidi ni saa. Mtu anainuka kwenye kiti chenye mikono, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kukaa. Sekunde 12 au zaidi kwa mzee ni dalili kwamba yumo hatarini kuanguka. Mama alitumia 19. Kusimama kwa mguu wa kulia, sekunde 2.

Na kabla ya yote hayo, pima sukari. Kisukari hufifisha hisi ya nyayo, na mtu hukanyaga bila kujua amekanyaga nini. Ganzi au mchomo wa sindano kwenye miguu yote miwili, kuanzia vidoleni, si kazi ya goti. Tulimpima, ilikuwa sawa. Kama tungeruka hatua hiyo, tungeweza kufanyia goti kazi miezi minne huku nyayo ndizo zenye shida.

Wiki mbili za kwanza kazi ilikuwa kushusha uvimbe na kuuamsha msuli. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15, mguu umeinuliwa juu ya mito. Kisha anakaa kitandani, anakunja kanga kama bomba na kuiweka chini ya goti, analibonyeza kwa nguvu ya paja kwa sekunde 5, analegeza. Mara 10, vipindi vitatu kwa siku, miguu yote. Ukiweka vidole juu ya pia ya goti, upande wa ndani, utasikia msuli unaruka. Ukibaki laini, mwambie avute vidole vya mguu kuelekea kwake anapobonyeza. Mama alikuwa anabana pumzi kila anapobonyeza, na kwa mwenye presha hilo ni hatari, kwa hiyo tukamfanya ahesabu kwa sauti.

Hapo hapo tukaanza zoezi la kulenga. Anakaa kwenye kiti karibu na ukuta, pembeni yake tumechora alama tatu za chaki, ya chini, ya kati na ya juu. Anainua mguu hadi alama ya kati akiangalia, anashusha, anafumba macho, anauinua tena na kufumbua kuona amekosea wapi. Mara 10 kila mguu. Kufumbua macho na kujisahihisha ndilo zoezi lenyewe. Wengi huinua na kushusha huku wamefumba tangu mwanzo hadi mwisho, na ubongo haupati majibu yoyote.

Kosa letu lilikuja wiki ya tatu. Mama alikuwa na hamu na sisi tukamfuata, tukamsimamisha kwa mguu mmoja macho yamefumbwa kabla hajaweza sekunde 10 yakiwa wazi. Hakuanguka, nilikuwa nimemshika, lakini aliogopa kiasi cha kukosa kuja mara mbili mfululizo. Aliporudi tukaanza upya kwa utaratibu ambao tungeufuata toka mwanzo. Kwanza kuinuka kwenye kiti kilichoongezwa urefu kwa mto mgumu, kushuka kwa kuhesabu moja hadi tatu, magoti yakielekea kidole cha pili cha mguu bila kuingia ndani, mara 8 kwa mizunguko mitatu. Kisha kusimama na kuhamishia uzito mguu huu hadi ule. Kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kwenye kona ya ukuta ambako hawezi kuangukia nyuma. Halafu mguu mmoja, mkono ukiwa juu ya meza, sekunde 10 mara 5. Kupanda na kushuka kidato cha sentimita 10. Macho yaliyofumbwa tuliyaleta wiki ya nane, na kusimama juu ya blanketi lililokunjwa mara nne wiki ya tisa, mtu akiwa karibu kila mara.

Usifanyie juu ya mkeka unaoteleza wala ndala zilizokwisha soli. Peku kwenye sakafu kavu ni bora, nyayo nazo zinatoa habari zao.

Kuhusu maumivu wakati wa mazoezi, kipimo chetu ni hiki: yakifika 5 kwa 10 yanavumilika, mradi kesho asubuhi goti liwe kama lilivyokuwa jana. Likiamka limevimba zaidi, punguza idadi kwa nusu. Usiache kabisa. Mama alipoacha kwa wiki moja ya msiba, alirudi nyuma karibu wiki mbili.

Soksi ya goti aliinunua shilingi 25,000 na aliivaa hadi usiku, imebana mpaka mguu chini ya goti umevimba. Utafiti wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba bandeji ya kuvutika ya kawaida huboresha hisi ya goti bovu, labda kwa kuiamsha ngozi. Basi inafaa, hasa sokoni na kwenye daladala. Kidole kimoja kiweze kupita chini yake, ivuliwe wakati wa kulala, na asiyemudu bei hiyo atumie bandeji ya kuvutika ya duka la dawa.

Mkongojo ulitugharimu mabishano kuliko pesa. Alisema utamzeesha. Mwanawe akamchongea wa mti, mzuri, lakini mrefu kupita kiasi, naye akaushika mkono wa kulia, upande wa goti bovu. Mkongojo hushikwa mkono wa pili: goti la kulia, mkono wa kushoto, na vyote viwili vinakwenda mbele pamoja. Urefu wake uishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukining'inia na viatu vikiwa mguuni. Tukaukata sentimita 9.

Nyumbani tulibadilisha kidogo tu. Kigoda kikawekwa kando, jiko likapandishwa juu ya matofali ili akaangie vitumbua akiwa kwenye kiti. Kazi ya mbuzi ya nazi akapewa mjukuu. Choo cha kuchuchumaa kilipata kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati. Uzito nao ulishuka kilo 4. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa swala. Dini inamruhusu mgonjwa kuswali ameketi, hilo alilijua tangu utotoni, lakini kukaa kwenye kiti wakati wenzake wako sijida kulimfanya ajione amepungukiwa. Hatukuwa na jibu la kitaalamu kwa hilo. Alizungumza na shemeji yake, mwalimu wa madrasa, na Ijumaa iliyofuata alikuja na kiti chake mwenyewe cha kukunja.

Mwisho wa wiki ya kumi na sita, sekunde 19 zilikuwa zimeshuka hadi 13, na mguu wa kulia ulisimama sekunde 9. Kosa la digrii 12 lilikuwa 6. Picha ya eksirei ingepigwa tena ingeonyesha goti lilelile, na maumivu ya ngazi bado yapo, hasa ya kushuka. Hajaanguka tena, ingawa mara mbili ameshika ukuta. Sekunde 13 bado ni nyingi, na mazoezi yanaendelea mara tatu kwa wiki.

Nenda hospitali bila kusubiri zoezi lolote ikiwa goti limekuwa jekundu na la moto pamoja na homa, likikwama lisikunjuke, shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma ghafla, au baada ya kuanguka huwezi kabisa kukanyagia.

Usiku, kwa mwenye goti la namna hii, kuna utaratibu tuliomwachia mama na anaufuata. Tochi iko chini ya mto. Akiamka haruki. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anawasha, ananyoosha na kukunja kila goti mara 10 akiliangalia, anakanyagisha nyayo zote mbili sakafuni kwa nguvu, anahesabu hadi tano. Ndipo anaushika mkongojo kwa mkono wa kushoto na kuinuka.